Asiende Mtu Peke Yake

Chama chetu kilikuwa na daftari kabla ya kuwa na jina. Lilikuwa daftari la shule, la mistari ya bluu, na ukurasa wake wa kwanza ulibeba sentensi moja tu, iliyoandikwa kwa herufi kubwa na mwenyekiti wetu, Mkenya aliyefanya kazi ya zamu katika ghala moja la Grand Prairie: *Asiende mtu peke yake.* Kurasa zilizofuata ziligawanywa kwa rula katika safu mbili. Kushoto liliandikwa jina la mtu aliyeitwa mahali: ofisi ya uhamiaji, shuleni kwa mtoto, kwa meneja wa nyumba, mahakamani. Kulia liliandikwa jina la atakayemsindikiza. Safu ya tatu haikuwapo. Waasisi hawakuona haja ya kuandika nani alishinda na nani alishindwa.

Huko tulikotoka sote twajua kwamba mgeni hatolewi mlangoni akaachwa; husindikizwa hadi njiani, na mazungumzo mazito mara nyingi hungoja hatua hizo. Texas, ambako kila familia huenda kwa gari, desturi hiyo ilikuwa imefupishwa ikaishia kwenye maegesho. Lakini ndani ya daftari lile ilikuwa imerefuka kuliko nilivyowahi kuiona popote: ilifika hadi kwenye benchi la mahakama.

Mimi nilipewa ukatibu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu Dallas. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kulinganisha nakala za maandishi ya kale na kuamua ipi imepotoka, na wenzangu walidhani, kwa ukarimu wao, kwamba mtu wa namna hiyo ataandika katiba nzuri. Wakati huo chama kilikuwa kimekua kikaanza kujiuliza ni cha nini. Niliandika rasimu kwa miezi minne. Kifungu cha kwanza kilisema kwamba lengo la chama ni kutetea, kukuza na kulinda haki za kiraia za jamii za Afrika Mashariki na Kati. Sentensi ya mwenyekiti sikuiweka. Niliona kwamba kusindikiza ni namna ya kufanya jambo, wala si jambo lenyewe. Na mpaka leo nakumbuka jinsi nilivyoridhika na tofauti hiyo.

Rasimu ilisomwa Jumapili moja baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa huko Garland uliokuwa umeazimwa kwetu, Wakristo na Waislamu pamoja. Tulikaa kwenye viti vya kukunja. Saa mbili zikapita nasi tungali kifungu cha kwanza.

"Bwana katibu," alisema mwenyekiti, "hapa umeandika kukuza. Tunakuza nini? Nyanya?"

Watu walicheka. Dada mmoja muuguzi, aliyekuwa ametoka DeSoto na sufuria ya pilau, alisimama bila kuomba ruhusa. "Mimi nasema tuache hizi haki. Haki zina wenyewe wanaolipwa kuzitetea. Sisi tuzikane na tuozeshane, basi. Mtu akifiwa hapa, mnamjua nyote. Akidhulumiwa, kila mtu anaangalia saa yake."

"Dada, keti kwanza," alijibu wakili. Huyu alikuwa Mtanzania mwenzangu, mwanasheria wa benki, mtu mwadilifu aliyevaa tai hata Jumapili. "Lazima tu-register. Tukiwa na usajili, barua yetu inasomwa. Bila usajili sisi ni kundi la watu wenye magari."

"Na si ndiyo tulianza hivyo?" aliuliza mwenyekiti. "Watu wenye magari."

Hapo ndipo mama mmoja wa Uvira, mashariki ya Kongo, aliyekaa karibu na mlango, akainua mkono. Alikuwa mfungasha bidhaa katika kiwanda kimoja hapo hapo Garland, mjane, na mwaka ule alikuwa amewapokea nyumbani kwake wasichana wawili wa marehemu dada yake, waliofika kutoka kambi ya wakimbizi. Meneja wa nyumba alidai kwamba mkataba haukuwataja watoto wale, na alikuwa amemfungulia shauri la kumtoa. Shauri lingesikilizwa Jumanne, siku mbili tu mbele. Kama angeondolewa, alituambia, angepata pa kulala kwa watu wa kanisa; lakini watu wa shirika lililowaleta watoto walikuwa wamemweleza kwamba mlezi asiye na anwani hawezi kubaki mlezi.

"Mwalimu," aliniambia, "ile karatasi iko mzuri sana. Lakini mardi asubui, njo yenyewe itaikala pembeni yangu?"

Mardi ndiyo Jumanne hiyo; alikuwa akiuliza kama ni karatasi itakayokaa kando yake. Mwenyekiti alitazama sakafu. Jumanne angetoka zamu alfajiri. Wakili alisema kwa upole, na kwa kweli, kwamba mwajiri wake hakumruhusu kusimama katika mashauri ya nje. "Na pole sana, mama, lakini tukiandika kwamba tutamsindikiza kila mtu, siku tukishindwa tutakuwa tumevunja katiba yetu wenyewe."

"Wakili, wewe unaogopa katiba kama mama mkwe," alisema mwenyekiti, lakini sauti yake haikuwa na mzaha.

Mimi nilisema nini? Nilisema kwamba hoja ya mama ingeingizwa chini ya mengineyo. Niliiandika hivyo katika muhtasari, na muhtasari ninao hadi leo.

Mkutano ukafungwa kwa sala bila uamuzi. Kisha, kama ilivyo ada, ukaanza mkutano wa pili: watu walitoka kuwasindikiza wenzao kwenye magari, na kila aliyesindikizwa akarudi hatua chache kumsindikiza aliyemsindikiza. Lami ilikuwa na joto hata kupitia soli za viatu. Nilimbebea mama sahani yake hadi kwenye gari lake. Wasichana wawili walikuwa wamekaa nyuma na vioo vimeshushwa.

Hakuufungua mlango mara moja. "Nisikie, mwalimu. Siogope juge. Bwana yangu walimuitaka ku biro, wakati ya vita. Wakasema ni swali moja tu. Aliendaka peke yake."

Juge ni hakimu, biro ni ofisi; na kwamba mumewe hakurudi sikuhitaji kuambiwa. Kutoka ndani ya gari msichana mdogo aliuliza kwa Kiingereza kama sasa wanakwenda nyumbani.

"Tunaenda nyumbani," alimjibu yule aliyekuwa mama yao mdogo kwa hesabu yetu. Lakini wao walikwisha kumwita mama bila nyongeza.

Nilimwambia kwamba Jumanne nitakuja. Nilikuwa na darasa la kufundisha asubuhi hiyo, nikalifuta. Kisha nikarudi ukumbini, nikalitoa daftari kutoka chini ya rasimu yangu, nikaandika jina lake kushoto na langu kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jina langu kuingia katika safu yoyote ya daftari lile, ingawa nilikuwa nimelitunza karibu mwaka mzima.

Jumanne nilikwenda na jalada zima: mkataba, hati za ulezi, nakala za sheria nilizozipigia mistari kwa penseli. Karani aliniuliza kama mimi ni wakili. Nilipojibu hapana, alinieleza kwa adabu kwamba naruhusiwa kukaa, wala si kusema. Hivyo nilikaa. Mama alikuwa amevaa kitenge cha kijani na viatu vya ibada. Aliuweka mkono wake juu ya benchi, kati yetu, kiganja chini, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke, nami nikauweka wangu karibu na wake.

Shauri lake lilipoitwa aligeuka kunitazama, kisha akatazama nyuma yangu, na uso wake ukalegea. Niligeuka. Kwenye benchi la mwisho alikuwa mwenyekiti, ndani ya ile fulana yake ya kazi yenye mistari ya kung'aa, amelala usingizi mzito na mdomo wazi.

Mkalimani alisikika kwa simu, Mtanzania kwa lafudhi, na mama alimjibu polepole ili amwelewe. Hakimu, mwanamke mzee mwenye miwani ya kamba, alisoma hati za ulezi mara mbili. Alimwuliza meneja ni lini na kwa njia gani alimpa mpangaji notisi ya kuondoka. Meneja alitafuta katika makaratasi yake, na hakuipata. Shauri likatupwa kwa sababu hiyo tu. Haki za kiraia hazikutajwa; hoja zangu za penseli hazikuhitajika. Mama angekaa hadi mwisho wa mkataba, na watoto wangekaa naye.

Tukamwamsha mwenyekiti. "Tumeshinda?" aliuliza.

"Tumeshinda, papa," alisema mama. "We lala tu."

Katika mkutano uliofuata nilikiondoa kifungu changu cha kwanza na kuomba kwamba sentensi ya daftari irudi mahali pake, bila kuguswa. Wakili alipinga, alitaka iwe katika kanuni, si katika malengo. Dada muuguzi alisema mnaona, hata kwenda mahakamani kumbe ni matanga, watu wanakaa pamoja tu. Tulibishana hadi pilau likapoa. Sentensi ilipita kwa tofauti ya kura chache, na swali la chama chetu ni cha nini halijaisha hata sasa. Kila uchaguzi hulifufua.

Lakini miaka miwili baadaye wakili alinipigia simu, akazunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lake. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa uraia. Alijua kila jibu, alisema. Hata hivyo alitaka kujua kama daftari lile bado lipo. Niliandika jina lake kushoto. Safu ya kulia niliiacha wazi nikalipitisha daftari ukumbini, likarudi na jina la mama wa Uvira, kwa mwandiko wake uliolala upande.

Siku hiyo hawakumruhusu mama kuingia naye chumbani. Alikaa saa tatu katika ukumbi wa kungojea, mkoba magotini, na wakili alipotoka alimkuta ameuweka mkono wake juu ya kiti kitupu cha pembeni yake, asije mtu akakikalia.