Mama Aika na Geti la Marangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi za ghorofa tatu pale Gerezani, Kariakoo, jijini Dar, miguuni nimevaa viatu vya kisigino vya kuazima, nikafika juu nahema kama nimefukuzwa na mbwa. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, ananitazama tu. Hakuniuliza jina wala cheti.

"Wewe ndiye karani mpya wa safari za mlimani?"

"Ndiyo mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kilimanjaro umewahi kuiona?"

"Kwenye kalenda, mzee."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Basi na wewe kaa upumue kwanza. Na hizi ni ghorofa tatu tu!"

Mimi ni Mzaramo, mtoto wa hapo hapo Gerezani, nimezaliwa mtaa wa pili kutoka ofisini. Mlima nilioujua ni ngazi zile. Lakini kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu ilikuwa hiyo: kumwambia mtu apande Kilimanjaro kwa njia ipi. Nyie vijana wa sasa mnachagua njia kwenye simu, mnatazama picha tatu mnalipia. Haya, endeleeni. Ila nisikilizeni kidogo tulivyokuwa tunafanya, maana mimi kazi hii niliipenda, wallahi, na mpaka leo mtu akinitajia mlima moyo unanidunda.

Njia ziko nyingi, ila sisi tuliuza hasa tatu. Marangu ina vibanda vya mbao vyenye vitanda na magodoro, na unashukia humo humo ulimopandia. Machame unalala kwenye hema, unauzunguka mlima kwa upande wa kusini, halafu unashukia geti lingine kabisa, Mweka. Rongai inaanzia nyuma ya mlima, kule Rombo karibu na mpaka wa Kenya. Ni kukavu, watu wachache, na kushuka unashukia Marangu. Kila mpandaji alikuwa na jalada lake: umri, maradhi, njia, idadi ya siku, jina la mwongozaji, na mwisho sahihi ya aliyempangia. Sahihi hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya kazi, kwa sababu mtu akipata matatizo huko juu, wa kwanza kuulizwa alikuwa mwenye sahihi.

Ofisini kwetu Marangu tuliiita njia ya vitanda, na tuliiuza kama njia rahisi. Nani hataki kitanda? Mkurugenzi peke yake ndiye aliyeibeza. Yeye kwao Machame, na ukimgusa Machame umemgusa mboni ya jicho. "Njia ni moja," alikuwa akisema. "Nyingine zote ni vichochoro."

Sasa, Mama Aika. Huyu alikuwa na duka la vitenge vya jumla Kariakoo, mwanamke mfupi, sauti kubwa, mzaliwa wa Marangu, watu wanaoshindana na wa Machame tangu enzi za mababu. Baba yake alikuwa mpagazi, wale tunaowaita wagumu, wanaobeba mizigo ya wageni kichwani. Alibeba mpaka mgongo ukakataa, na kileleni hakufika hata siku moja, kwa sababu mpagazi anaishia kambini. Mama Aika alikaa mbele ya meza yangu akaniambia, "Bi Mwanaidi, nyumbani kwetu ni jirani na geti. Mama yangu maisha yake yote ameona watoto wa watu wakishuka na vyeti vyao vya kufika kileleni, wanapigiwa makofi. Anataka siku moja ashuke wa kwake, amwone kwa macho yake."

Nilisisimka! Palepale nikafungua jalada. Marangu, siku tano. Nikamtajia siku ya ziada, ile ya kupumzika kambi ya Horombo ili mwili uzoee hewa. Akakataa, ana kontena la mzigo linaingia, hawezi kukaa. Nikasema sawa. Nikaweka sahihi.

Alifika kibanda cha mwisho, Kibo, akaanza kutapika na kuyumba. Mwongozaji hakusubiri, akamshusha. Sasa kule mgonjwa anashushwa na machela ya chuma yenye gurudumu moja katikati, wanaume wameishika kila upande, wanakimbia nayo. Mama yake yuko getini amevaa kitenge kipya, ndivyo alivyomwona mwanawe akishuka.

Alipopona alikuja ofisini. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alisimama tu mbele ya meza akasema, "Bi Mwanaidi, wewe ndiye unayejua. Mbona hukunibishia?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kwa kweli sikujua chochote. Nilikuwa nauza mlima wa kwenye kalenda. Kesho yake nikamwambia Mkurugenzi anihamishie tawi letu la Moshi, hata kwa msimu mmoja. Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe? Mtoto wa Gerezani na baridi ile?" Lakini akasaini.

Moshi bosi wangu alikuwa Mwongozaji Mkuu, mtu mkimya, mkavu, hatanii. Siku ya tatu akanitupia koti na viatu. "Nyie wa Dar mnauza vitanda," akasema. "Twende ukaone unachouza." Akanipitisha Machame. Siku mbili za kwanza nilikuwa naimba. Siku ya tatu tukapanda mpaka Mnara wa Lava, jabali refu jeusi huko juu, na hapo nikajuta kuzaliwa. Kichwa kinapasuka, uji wote wa asubuhi ukatoka. Nikamwambia nakufa. Akasema, "Hufi. Tembea." Tukashuka bonde la Barranco kulala. Jamani, kufika pale kichwa chepesi, njaa inaniuma, nikala ugali na kuomba tena!

"Umeelewa?" akaniuliza. "Mchana panda juu, usiku lala chini. Mwili unauonjesha hewa ya juu halafu unaurudisha. Marangu ya siku tano ni kupanda tu, kupanda tu, mpaka mwili unagoma. Vitanda vyako vinasaidia nini?"

Sikufika kileleni, siku zangu ziliishia kambi inayofuata baada ya Barranco. Lakini nilirudi Kariakoo mtu mwingine. Kuanzia hapo mteja akija, simpi kiti. Namwambia, "Twende." Jengo letu lilikuwa na ghorofa saba, lifti hakuna. Nampandisha mpaka juu kabisa, tunatazama mabati ya Kariakoo na mabasi ya mwendokasi yanapita Gerezani, kisha tunashuka ghorofa ya tatu kunywa chai. Njiani namsikiliza anavyohema, anavyojisifu, anavyokasirika. Mtu anayekimbia ngazi ili nimwone hodari, huyo nilimwongezea siku. Mkurugenzi alisema nimepatwa na wazimu wa mlimani. Asemeje sasa, wakati wapandaji wangu walikuwa wanafika?

Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu, mlango ukafunguliwa. Mama Aika. Nywele zimeanza mvi, goti moja limefungwa bandeji.

"Bi Mwanaidi, narudi. Hii ndiyo ya mwisho, goti halinisubiri. Na mama sasa hatembei mbali, ila getini tukimpeleka na gari anafika."

Mkurugenzi alisikia, akatoka chumbani kwake kama aliyeitwa kwa jina. "Machame siku saba. Mwongozaji Mkuu mwenyewe atakupeleka. Mjadala umefungwa."

"Mimi?" Mama Aika akasimama. "Mtoto wa Marangu nikapige hodi Machame kuomba njia ya kupandia mlima wa kwetu? Watanicheka mpaka kaburini! Nitapita Marangu."

"Mama, mlima ni mmoja! Haya mambo ya kwetu na kwenu yamepitwa na wakati."

"Basi na wewe pandia Marangu!"

Nilicheka nikajificha nyuma ya jalada. Lakini ndani nilikuwa na hofu, kwa sababu wote wawili walikuwa wanaelekea kumharibia. Marangu ilishamrudisha mara moja, na kwa kiburi chake angetaka tena siku tano. Machame ingempandisha vizuri, ila ingemshushia Mweka. Nikasimama mbele ya ramani ya ukutani.

"Mama Aika, niambie ukweli. Kinachokuuma ni pa kupandia au pa kushukia?"

Akakaa tena, akasema taratibu, "Pa kushukia. Mama yuko getini."

"Basi Rongai. Unaanzia Rombo. Kwenye kaziwa kale chini ya Mawenzi unalala siku mbili, mchana unapanda kidogo unarudi, mwili unazoea. Halafu Kibo, halafu kileleni. Kushuka, Marangu."

"Rongai!" Mkurugenzi akadakia. "Gari lizunguke mlima mzima kumpeleka mtu mmoja? Huko nani anakwenda?"

"Mama Aika anakwenda. Jalada ni langu, mzee, na sahihi ni yangu."

Mama Aika alikuwa anafikiria. "Rombo kuna shangazi yangu. Wale sina ugomvi nao. Ila siku saba nyingi, Bi Mwanaidi. Fanya sita, kuna mzigo…"

"Saba!" nikapiga meza. "Mara hii nabishana na wewe mpaka duka lako lisikie. Saba, au ukatafute karani mwingine!"

Alinikodolea macho, halafu akaangua kicheko. "Saba," akasema.

Nilichukua likizo nikapanda basi kwenda kumsubiri. Siku ya saba niko getini Marangu na mama yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, amejifunika kitenge, mkononi chupa ya chai. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Ndiye wewe wa Dar?" Nikasema ndiye mimi, na nikatamani asiniulize zaidi. Simu ya mwongozaji ilikuwa haipatikani tangu juzi. Kila kundi lililoshuka nilikimbilia, mmemwona mama mfupi, sauti kubwa? Wengine hapana, wengine walikuwa wamechoka hata kujibu. Kila nikisikia chuma kikigonga mawe roho inaruka, nadhani ni machela.

Mara nikasikia wagumu wanaimba. Halafu nikamwona. Anachechemea, midomo imepasuka, uso mweusi kwa vumbi na jua, lakini anatembea kwa miguu yake! Nilipiga vigelegele, nilipiga bila haya, wazungu wakageuka kunitazama. Mama yake alishika mkono wa kiti akasimama mwenyewe.

"Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Juu kabisa?"

"Juu kabisa."

Bibi akaupapasa uso wa mwanawe, akaupapasa tena. "Baba yako alikuwa akisema kuna baridi."

"Kuna baridi, mama. Kuna baridi kweli."

Nikalia kama mtoto.

Mwezi uliofuata nilistaafu. Mkurugenzi alinipa saa ya ukutani, akatoa hotuba ndefu ya kusifu Machame. Siku hizi nakaa nyumbani, na vijana wa kampuni za safari wananifuata wakiwa na simu zao, wananionyesha njia, wananiuliza ipi bora. Nawauliza mpandaji ni nani, ana miaka mingapi, anahemaje, na nani anamsubiri akishuka. La mwisho hilo huwa hawajauliza. Wananiona mzee nina maneno mengi, wanaondoka na chai yangu tumboni.

Yule bibi wa getini alifariki masika yaliyofuata. Mama Aika alinipigia kutoka Marangu baada ya mazishi, sauti yake ile kubwa imekwisha. Nikampa pole. Nikasikia watu nyuma yake wanakusanya viti.

"Bi Mwanaidi," akasema, "kwa Machame ningefika pia, yule mzee wako hakukosea. Lakini ningeshukia Mweka, na mama asingeniona."