Siku Chasisi ya Marehemu Baba Ilipokwenda Mnadani

Sipendi kuisimulia hii, lakini kwa kuwa Bariadi nzima inaisimulia kwa niaba yangu na kila mtu anaongeza chumvi yake (wapo wanaosema nilikuwa nimelewa, mimi ambaye hata togwa hunipanda kichwani), bora niieleze mwenyewe, mnicheke mara moja, yaishe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, hilo mnalijua. Labda msilolijua ni kwamba nyuma ya nyumba ya mama palikuwa na gari la spoti la zamani, la milango miwili, lile la kuketi chini kabisa kama umekaa mkekani. Baba alikuwa fundi wa mitambo kiwanda cha kuchambua pamba, na meneja mmoja alipohama alimwachia likiwa bovu. Baba akamwahidi mama kwamba siku moja atampandisha kwenye gari lile, wazunguke mji mpaka kanisani, watu waone. Akafariki gari likiwa bado juu ya matofali. Mama hakuwahi kulalamika, ila kila asubuhi alipofagia uwanja aliinama akafagia na chini ya gari.

Nikajiapiza kwamba ahadi ile nitaitimiza mimi, nikaling'oa bodi nikaliacha juu ya matofali, nianze na chasisi, ile fremu ya chini. Tatizo lilikuwa Baba Mdogo Masanja. Ekseli ya mkokoteni wake ilivunjika wakati wa kusomba pamba, na huku kwetu ekseli nzuri ya mkokoteni hutoka kwenye gari lililokufa, kwa hiyo kila alipokuja kusalimia alilizunguka gari la marehemu kaka yake akiligongagonga kwa fimbo. "Chuma kinaozea hapa, na mimi nabeba magunia kichwani," anasema. Mama akachoka na mabishano yetu, akaamua: Jumapili baada ya ibada ukoo ukutane kwake, chasisi iwe imesimama uwanjani, na wakiona kweli inaelekea kuwa gari, iachwe. Wakiona chuma tu, Masanja aichukue.

Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza. Usingizi sikuupata, chakula hakikupita, darasani naandika ubaoni huku nawaza boliti. Maana sikutaka kupaka rangi tu, nilitaka chasisi ionekane kama ilivyotoka kiwandani. Niliangalia picha mtandaoni mpaka macho yakauma, nikajua kwamba weusi wa kiwandani hauwaki kama kiatu cha askari, ni weusi uliotulia; kwamba boliti fulani hazipakwi kabisa; na kwamba mkaguzi wa kiwanda aliporidhika alichora alama ya njano kwenye chuma cha nyuma. Nami nikaichora. (Nani angeiona? Mimi.)

Jumamosi mchana nikamaliza mkono wa mwisho wa rangi, nimevaa koti langu jeupe la maabara nisichafue nguo. Chasisi ilikuwa imesimama kwa magurudumu yake manne na usukani wake, breki bado. Nikarudi nyuma hatua chache kuitazama, nikajisikia mtu. Kisha nikatazama juu. Wingu limejaa upande wa ziwani, jeusi kuliko rangi yangu, mvua ya kwanza ya msimu, na rangi bado mbichi!

Nyumba ya tatu kushoto kuna ghala la pamba la chama cha msingi, na mlinzi alishaniruhusu kuihifadhi humo. Lakini nani wa kusukuma? Majirani wote mnadani, mama kwenye mazoezi ya kwaya. Waliobaki nyumbani tulikuwa mimi na maksai wawili wa Baba Mdogo, Diwani na Karani (ndiyo majina yao, msiniulize), waliokuwa wamefungwa kwa mama tangu mkokoteni uvunjike. Nikasema, nyumba tatu tu. Ndugu zangu, hilo "tu" ndilo lililoniponza.

Nikawatia nira, nikafunga mnyororo kwenye chuma cha mbele, nikaweka kreti ya soda katikati ya chasisi, nikaketi nishike usukani, nikawapigia mluzi. Wakaondoka vizuri, kwa adabu kabisa, mpaka barabarani, na pale mimi nikakata kushoto, wao wakakata kulia.

Sikuwa nimekumbuka jambo ambalo hata mtoto wa huku analijua: maksai hawajui ghala, wanajua njia yao. Na Diwani na Karani, kila Jumamosi ya maisha yao, walikwenda mnadani.

Nikapiga kelele, nikavuta kamba, wao ndio kwanza wanaongeza mwendo, pengine walidhani wamechelewa. Halafu ukaja mteremko wa kushukia mnadani, na breki sina. Alhamisi nilikuwa nimewafundisha kidato cha pili habari za msuguano. Jumamosi nikautafuta msuguano kwa kisigino cha kiatu mpaka soli ikabaki njiani. Tukaingia mnadani tukiwa na vumbi, maksai mbele, mimi nyuma juu ya kreti na koti jeupe, na watu wakatupisha kwa heshima, maana waliniona ni bwana mifugo.

"Mwadila, bwana mifugo!" mama mmoja akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," nikaitika, maana ukisalimiwa unaitika hata kama unazama.

Maksai walisimama wenyewe, taratibu, mbele ya banda la mama lishe, mahali wanaposimama siku zote. Na kwenye benchi la banda lile, mkononi tonge la ugali, alikuwa ameketi Baba Mdogo Masanja.

Aliliweka tonge chini, akanawa, akawa anatazama tu. Natamani angenitukana.

Kabla sijashuka, mzee mmoja aliyetoka Lagangabilili akainama nyuma ya chasisi, akaona ile alama yangu ya njano. Sasa pale mnadani ng'ombe aliyekaguliwa hupigwa alama ya rangi. "Huu umeshapita ukaguzi!" akatangaza. "Mkokoteni wa magurudumu manne! Kijana, nakupa mtamba!" Nikasema hauuzwi, si mkokoteni, ni gari, na umati mzima ukatazama maksai, ukanitazama mimi, ukacheka mpaka mbuzi wakashtuka. Nyuma kabisa nikasikia sauti ninazozijua: "Sir! Sir, shilingi ngapi?" Kidato cha pili.

Mzee akataka kuujaribu kama unabeba. Wakapanda watu nisiowaomba, kila mmoja kaketi juu ya chuma, na walipoinuka kila mmoja alikuwa na mstari mweusi makalioni, yupo hadi mama mmoja mwenye kitenge kipya, na wakaanza kunidai sabuni kwa sauti. Ndipo mvua ikashuka, juu ya vumbi, juu ya rangi mbichi, juu yangu. Weusi ule uliotulia wa kiwandani ukawa na mabaka kama mgongo wa fisi. Niliona kabisa kwamba mama hatapanda gari la baba maisha yake yote, na kosa ni langu.

Baba Mdogo alikuja akashika kamba ya maksai. "Kesho tukutane kwa mama yako," alisema. "Mimi sina la kuongeza."

Jumapili ukoo ukakaa, chasisi uwanjani, na kweli hakuongeza neno. Nilijaribu kueleza habari za rangi nikaishia katikati. Mama, bado na sare ya kwaya, akauliza, "Jana walipanda watu wangapi?"

"Kama wanane, mama."

"Wakashuka wazima?"

"Wazima. Wamechafuka tu."

Akamgeukia Baba Mdogo. "Masanja, chukua. Lakini safari ya kwanza ni yangu. Leteni kiti."

Nikamwambia mama, tafadhali, hili si gari, baba hakukuahidi hivi. Akanitazama kama anavyowatazama kuku wanaoingia ndani. "Baba yako alisema atanipandisha mpaka kanisani, watu waone. Hakusema litavutwa na nini."

Tukafunga kiti cha plastiki kwa kamba, mama akaketi, mkoba mapajani, Baba Mdogo akatembea mbele na maksai wake (mbele, akiwashika, si kama mimi), na mimi chini karibu na miguu ya mama nikishika usukani. Kanisani kwaya ilikuwa bado inapiga soga nje. Wakapiga vigelegele. Mama hakupunga mkono, alitazama mbele tu, ila nilihisi kidole chake kikinigusa begani. "Polepole," akasema. "Wa huku hawajaona vizuri."

Sasa ni mkokoteni wa Baba Mdogo, unabeba pamba, na shuleni naitwa Sir Mnada mpaka nitakapostaafu. Maksai wa mtu siazimi tena, hata kwa nyumba moja. Bodi la gari bado liko nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai, na mama bado anafagia chini yake.