Nilinunua Ndege Nikidhani ni Grinihausi

Nilinunua ndege nikidhani ni grinihausi.

Usicheke kwanza. Ama cheka tu, mume wangu alicheka hadi akakaa chini.

Ulikuwa mnada wa shamba la maua lililofungwa huko Timau. Makreti marefu ya mbao, ndani mabomba ya alumini na mabati mepesi. Dalali akasema ni vifaa vya ujenzi. Mimi nina diploma ya ununuzi na ugavi. Niliangalia yale mabomba nikaona grinihausi imejaa nyanya tayari. Nikabishana bei hadi dalali akachoka, nikaleta mzigo nyumbani Majimbo, Embu.

Kesho yake binti yangu Kajuju, aliyekuwa anasubiri kuingia chuo, akafungua kreti la mwisho. Akatoa propela.

"Mama, hizi ni nyanya gani?"

Mimi ni broka wa ndizi. Nina stoo Mitunguu, nanunua kwa wakulima na kuuza Nairobi. Stoo hiyo ndiyo inatulisha, na ndiyo ilitarajiwa kumsomesha Kajuju. Kazi yangu ni kubishana. Hata kiberiti siwezi kununua kwa bei ya kwanza.

Wiki hiyo hiyo daktari akapima presha yangu. Akapima tena. Akabadilisha mashine. Kisha akaniambia niache biashara mwaka mzima.

Nikamuuliza kama miezi minne haitoshi.

Akamwangalia mume wangu, Njagi. Njagi akaangalia dari.

Basi nikamwachia Zuleka stoo. Zuleka amenipangia ndizi tangu akiwa msichana. Ni mpole, anaongea kama mtu aliye msikitini. Nilijua wakulima watammeza mzimamzima, stoo ife, na Kajuju abaki nyumbani. Nikawa nampigia simu asubuhi, mchana na jioni, hadi Njagi akaingilia. Simu za stoo atapokea yeye, akasema, na mimi nisikanyage Mitunguu kabla daktari hajaruhusu.

Nikabaki nyumbani mikono ikiniwasha. Na ndege iko kwenye makreti.

Nikatangaza kwamba nitaiunga. Njagi akauliza ninajua nini kuhusu ndege. Nikamwambia mabomba ni mabomba.

Jirani wa kwanza aliuliza kama ni mashine ya kusaga. Wa pili aliuliza ni kanisa gani linajengwa. Mama wa duka la kona aliniletea maombi. Hayakuwa ya ndege, yalikuwa ya kichwa changu.

Shida yangu ilikuwa kitabu cha maelekezo.

Kitabu kilisema kila mstari wa bawa upigwe riveti ishirini, zile pini za kubana bati. Ishirini? Hiyo ni bei ya kuanzia. Muuzaji yeyote akitaja ishirini anajua atashuka. Nikapiga kumi na nne. Nikavuta bati, halikucheza. Nikajipongeza.

Tukaendelea hivyo, mimi na kitabu. Kikisema gundi ikauke siku mbili, nakipa moja. Kajuju alikuwa ananisomea kurasa na kunikumbusha namba. Nikamwambia biashara hawajamfundisha bado.

Bawa likaisha mapema sana. Kisha akaja mkaguzi, Injinia Kiunga, kutoka Nairobi, maana sheria haikuruhusu nifunike kazi kabla hajaiona.

Akapitisha kidole kwenye mstari, midomo ikihesabu.

"Hapa ziko kumi na nne."

"Zinatosha, injinia. Vuta uone."

"Kitabu kinasema ishirini."

"Sawa. Tukutane kumi na saba."

Jamani, nilisema hivyo. Kwa huu mdomo wangu.

Hakukasirika. Aliangalia viti viwili vya ndege, akauliza kile cha pili ni nani atakikalia.

"Ni mimi," Kajuju akasema.

Injinia akafunga mkoba wake polepole. "Mama, mimi unaweza kunibembeleza. Upepo utaubembeleza na nini?"

Nikaangalia bawa. Nikaangalia mtoto wangu.

Alipoondoka nikachukua drili, nikatoa riveti zote, moja baada ya nyingine. Nikaanza upya. Ishirini ni ishirini. Siku mbili ni siku mbili. Cha kushangaza, hapo ndipo presha ilianza kushuka. Nadhani ni kwa sababu hakukuwa na mtu wa kugombana naye.

Injinia alirudi, akahesabu hadi mkia, akatia sahihi.

Wa kuirusha alikuwa Kapteni Rahim, mzee aliyestaafu kunyunyizia mashamba ya ngano dawa kutoka angani. Aliirusha peke yake wiki kadhaa kwanza, jinsi inavyotakiwa. Halafu Kajuju akataka kupanda.

Nikakataa. Kama itaanguka, ianguke na aliyeiunga.

Nilifunga macho kutoka Embu hadi Runyenjes. Kapteni akaniambia nifungue, hii safari si ya kulala. Nikafungua. Na sitawadanganya, nililia. Bawa lilikuwa limenyooka pale kando yangu, na kila riveti niliijua.

Nikamwomba apite Mitunguu nione paa la stoo tu. Njagi alikuwa amenikataza kukanyaga. Hakunikataza kupita juu.

Tukafika. Migomba kila upande, na katikati paa langu la bluu. Na mbele ya mlango, watu.

Foleni. Watu, pikipiki, mikokoteni na pikapu, hadi barabarani.

Miaka yote niliyokaa pale sijawahi kuona foleni. Foleni kwa mlango wa broka, mimi nilijua maana yake: wakulima hawajalipwa, wamekuja kung'oa mlango. Akilini nikamwona Zuleka akivutwa leso. Nikaona chuo cha Kajuju kikienda na maji.

"Shuka," nikamwambia Kapteni.

"Mama, hapa hakuna stendi."

Tuliporudi Embu sikungoja hata propela isimame vizuri. Nikamsukuma Njagi kwenye gari. Njia nzima nilimgombeza, maana simu za stoo alikuwa anapokea yeye, na alikuwa akiniambia kila kitu kiko sawa. Akaendesha tu.

Foleni ilikuwa bado ipo. Nikapenya, nikiuliza kwa sauti ni nani anamdai Zuleka.

Hakuna aliyekuwa anadai. Walikuwa wanauza.

Zuleka alikuwa kwenye mizani, leso yake iko sawa kabisa. Anataja bei moja kwa ile sauti yake ya msikitini, ndizi zinapimwa, mtu analipwa, anaenda. Anayefuata. Ndizi zilikuwa zimejaa hadi nje.

Hapo ndipo Njagi akafungua mdomo. Tangu Machi stoo ilikuwa inajaza malori mawili badala ya moja, na karo ya Kajuju ilikuwa tayari imelipwa. Hakuniambia kwa sababu alijua ningerudi kusaidia.

Alisema "kusaidia" kwa uangalifu sana.

Nikamgeukia mzee Kailemia, mkulima ambaye miaka yote nilikuwa nikimfuata shambani kumbembeleza aniuzie. Nikamuuliza imekuwaje leo anapanga foleni mwenyewe.

"Siku hizi ni dakika kumi tu," akasema. "Kwako tulikuwa tunabeba chakula cha mchana."

Foleni nzima ikacheka. Zuleka akainamia mizani kana kwamba anasoma kilo, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Yaani mwaka mzima nilidhani ninapumzika kutoka kwa biashara, kumbe biashara ndiyo ilikuwa inapumzika kutoka kwangu.

Sasa Zuleka ni mshirika wangu. Yeye ananunua. Mimi nimebaki kubishana na wanunuzi wa Nairobi, ambao wanastahili.

Mnaongoja funzo, hili hapa. Ukilazimishwa kupumzika na kazi ikaanza kuoza, rudi mbio. Ikinawiri, usitafute mchawi. Kaa chini ujiulize watu walikuwa wanakuvumilia vipi.

Siku hiyo, nikiingia garini, mzee Kailemia alinifuata hadi dirishani, kofia mkononi, kwa heshima zote.

"Mama Kajuju," akasema, "ndege ya pili unaanza lini?"