Kanju, na Mikorosho ya Mama

Nimechoka na neno kanju. Nilipokuwa mwalimu kijana, miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, nililifuata kama mtu anayemfuata mbuzi aliyekata kamba. Mpaka leo likitajwa mbele yangu, natamani kwenda kulala.

Lilianzia dukani, mjini Lindi. Mwenye duka, Mhindi, aliniambia kwao ni kaju, maana yake korosho yenyewe, ile ya kutafuna. Jirani yangu, mkimbizi kutoka Msumbiji, akacheka. Kwa Kireno alichojifunza kwao, caju ni bibo, lile tunda la maji linaloharibu kanzu, na korosho ina jina lake jingine. Wazee wa kwetu nao wakisema kanju wanakusudia tunda. Padri wa Kizungu niliyekuwa nikifundisha naye akaongeza kwamba Mfaransa ukimtajia acajou atakuletea mbao nyekundu za kabati! Wamalei wanasema gajus. Wareno ndio walioeneza mti na jina, na jina walilitoa kwa wenyeji wa Brazili. Yote hayo niliyaandika kwenye daftari, nikajiona msomi kwelikweli.

Wakati huo mama yangu alikuwa amehamishiwa kijiji kipya, upande wa Rutamba. Mikorosho aliyoipanda na marehemu baba ilibaki kwenye mahame ya kijiji chetu cha zamani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Zamani moto wa porini haukufika pale, maana watu waliishi na kulima pande zote. Sasa majani yalimfika mtu kiunoni na kiangazi kilikuwa kimekolea. Ilibidi yafyekwe chini ya kila mti kabla wawindaji hawajaanza kuchoma mapori.

"Mwanangu, mikorosho ya baba yako imezongwa," mama aliniambia.

"Jumamosi, mama, inshallah."

Jumamosi hiyo padri alinialika kutazama kamusi yake kubwa ya Kifaransa. Nikaenda. Nilijisemea kwamba majani hayana miguu. Jumamosi ya pili nikaenda tena, maana tulikuwa hatujamaliza herufi moja. Moto ulipita Alhamisi iliyofuata.

Nilipofika kwa mama nilimkuta uani anachambua kisamvu. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Umekula?"

Sikuweza kukaa. Nilikwenda mahame peke yangu. Mikorosho ilikuwa imesimama myeusi, majani yamekunjamana, na ardhi bado ilikuwa ya moto chini ya viatu vyangu vya ualimu. Mitatu tu ilibaki mibichi. Chini yake palikuwa pamefyekwa na kulimwa vizuri, kazi ya mikono ya mwanamke mzee aliyekuja na kurudi siku kadhaa bila kumwambia mtu. Niliona haya, nikalia kama mtoto.

Kwetu watu huitana kufyeka. Unapika ugali na kunde, wanakuja, na shamba la ukubwa ule linaisha kabla ya adhuhuri. Niliporudi nikamuuliza, kwa ukali ambao sikuwa na haki nao, "Mama, mbona hukuwaita majirani?"

Aliendelea kukoroga kisamvu chake, sasa kikiwa motoni.

"Niwaiteje, na wanajua nina mtoto wa kiume? Wangesema umenitupa."