Saa ya Kwanza ni ya Hesabu

Generose alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya Kalundu kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo saa ya kwanza ya masomo ilikuwa yake. Prefe Thaddée, mkuu wa shule, alisema akili ya asubuhi ndiyo inayoshika namba. Waliochelewa walipiga magoti getini mpaka saa ya pili, hesabu ikiwa imekwisha.

Walikuwa karibu wale wale kila siku: watoto wa nyumba za juu kilimani, kusikofika bomba, wengi wao wa familia zilizokimbia vita huko kwenye milima mirefu. Wasichana walivoma maji kisimani kwanza, ndipo wakaja shuleni. Mwaka wa nane ukiisha walipelekwa mkondo wa Ualimu au wa Ushonaji. Math-Physique, mkondo wa hesabu na fizikia, ilibaki ya watoto wenye robine ya maji uani.

Mwaka huu mmoja wa wasichana hao alikuwa Délice Uwamahirwe. Kwa zile saa chache alizozipata, alikuwa na hamsini na nne kwa mia. Math-Physique ilitaka sitini.

"Hawa wa milimani tuwaachie ng'ombe zao," prefe alisema katika baraza la walimu, akicheka.

"Ng'ombe zao waliibiwa wote, Prefe," Generose akajibu. "Na huyu Délice anakushinda kuhesabu."

Walimu wakainamisha macho. Thaddée akaacha kucheka.

"Basi arudie mtihani. Kesho, saa ya kwanza, mbele yangu. Akichelewa, imeisha."

Generose aliomba mtihani uwe saa ya tatu, akakataliwa. Hakubishana. Alikuwa ameomba somo la hesabu lihamishiwe saa hiyo miaka minane mfululizo.

Kesho yake asubuhi alipanda kilima, miguu ikimuuma, akamkuta Délice anatoka na bidoni mbili tupu za maji.

"Leta hapa. Weye shuka shuleni."

"Mwalimu, mama atanikasirikia."

"Mama atapata maji. Shuka."

Kisimani foleni ilikuwa ndefu. Huko chini darasa lake lilikuwa linakaa bila mwalimu, na barua ya lawama isingekosa kumfikia.

"Mwalimu, kumbe na kwako robine imekauka?" mwanamke mmoja akamtania.

"Hapana. Minye navoma ya Délice. Iko mu mtihani."

Wakacheka kidogo. Nyuma yake alisimama mama Dorine, ambaye binti yake alipiga magoti getini kila asubuhi. Hakucheka.

"Na wangu, mwalimu? Kesho utamuvomea?"

Generose akazisukuma bidoni mbele kwa mguu, hatua moja, na foleni ikasimama tena.