Herufi Mbili Chini ya Barua ya Posa

Kwa miaka minane Bernadetta Mutalemwa alichapa barua za posa za nusu ya vijana wa mtaa wa Kirumba, na hakuna hata moja iliyowahi kupiga hodi kwao Pasiansi. Jambo hilo lilimuuma. Ila alikuwa na mdomo mkali, na watu wakimwona mtu mwenye mdomo hudhani hana kidonda.

Mwaka 1996 mwenye ofisi ya uchapaji alikofanya kazi alitaka kompyuta yao iwekwe Windows 95. Akamleta fundi Venant Shimba, kijana mpole aliyekuja na rundo la disketi kwenye mfuko wa nailoni.

"Ukipoteza faili langu hata moja," Bernadetta alimwambia, "utalichapa upya kwa pua."

"Dada, haitapotea hata nukta."

Hakumwamini ng'o. Alimsimamia kwanza anakili mafaili yote mia nne kwenye disketi, kisha akamlazimisha ayafungue moja moja kwenye kompyuta ya jirani, aone kama kweli yanasomeka. Venant alieleza kwamba Windows mpya angeiweka juu ya ile ya zamani bila kufuta kitu, ili programu ya kuandikia nayo ibaki.

"Hayo mwambie mwenye ofisi. Mimi nifungulie."

Wakafungua siku mbili nzima. Barua za posa zilikuwa nyingi kuliko za kuomba kazi.

"Ipi ilipokelewa vizuri kuliko zote?" Venant aliuliza, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Ya Luhaga. Baba wa binti alilia."

Kazi ikaisha, kila faili likaonekana mahali pake. Bernadetta akakosa hata cha kugombania, akarudi nyumbani amenuna.

Wiki tatu baadaye mzee Machibya, mshenga, aliketi sebuleni Pasiansi, bahasha mkononi. Baba yake Bernadetta, karani mkuu mstaafu, alivaa miwani akaisoma barua ya Venant Shimba mpaka chini kabisa. Akamwita binti yake kutoka jikoni.

"Shikamoo, mzee Machibya."

"Marahaba, mwanangu."

"Bernadetta," baba alisema, "nimekaa ofisini miaka thelathini. Anayechapa barua huweka herufi za jina lake chini kushoto. Hapa pana BM. BM ni nani?"

Bernadetta alichungulia. Ilikuwa barua ya Luhaga, neno kwa neno. Venant alikuwa amebadilisha majina tu. Zile herufi aliziacha, pengine akidhani ni utaratibu wa posa. Akisema kijana kaiba, barua itarudi ilikotoka. Akikiri kaichapa yeye, basi kajiposa mwenyewe, na Machibya angeyafikisha soko la samaki la Mwaloni kabla dagaa wa leo hawajakauka.

Tatizo ni kwamba alimtaka. Alimtaka sana yule fundi.

"Ni mimi, baba. Maneno yote ni yangu. Majina kaweka mwenyewe."

Machibya alicheka hadi akashika mbavu. Baba hakucheka. Aliirudia barua tangu mwanzo, taratibu, na alipofika katikati akavua miwani, akaipangusa, akaipangusa tena.

"Basi uliyejiposa, jijibu," alisema. "Andika kwamba nimekubali, ulete nitie sahihi."

Kesho yake asubuhi Bernadetta alichapa jibu, akaweka BM chini kushoto, kisha akalihifadhi kwenye disketi tatu.