Bibi Harusi Kafunuliwa, Kamera Je?

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ndiye mwanamke pekee ninayepiga picha za harusi hapa Bagamoyo, kwa kamera kubwa ya miguu mitatu aliyoniachia marehemu baba. Kuitumia ni mpaka ujifunike kitambaa cheusi, ndipo uone kile lenzi inachokiona. Juzi nikaazima kamera ndogo ya kuning'iniza shingoni, niijaribu kabla sijaamua kuiuza ile ya baba.

Kwenye harusi ya Mapinga niliingia nayo kwa maringo! Nilichungulia kwenye kidirisha chake, juu ya lenzi, nikaona kila kitu, hina mpaka kipini. Bwana harusi alipomfunua mkewe mtandio, vigelegele vikarindima, nami nikapiga, nikapiga tena, filamu ikaisha. Nikawatangazia wanawake chumbani, "Lile gogo la baba kesho naliuza!"

Somo wa bibi harusi, yule mama aliyemfunda, akanisogelea.

"Shikamoo, somo," nikasema, nikidhani anataka picha.

"Marahaba, mwanangu. Bibi harusi tumeshamfunua. Hiyo kamera yako ataifunua nani?"

Nikaigeuza. Kifuniko cheusi kilikuwa bado kwenye lenzi, tangu nilipotoka nyumbani. Kamera ya baba ingenionyesha giza mapema. Hii, kwa kidirisha chake kisichopitia kwenye lenzi, ilinionyesha harusi nzima.

Nikakibandua, na chumba kizima kikanipigia vigelegele vikubwa kuliko vya bibi harusi.